Meza ya Wafunga Nzi

Nilisikia kicheko chao kabla sijajua wanafanya kazi gani. Kilitoka orofa ya kwanza, juu ya duka la vioo huko Kawangware, Nairobi, nami nilikipita karibu kila jioni nikitoka mjini. Gari lingeweza kunifikisha Waithaka, karibu kabisa na kwangu, lakini nilikuwa na tabia ya kushuka mapema na kumalizia njia kwa miguu. Sikuwa natafuta mazoezi. Chumba changu kina kitanda, meza, jiko la gesi na mimi, na muda wowote nilioupoteza njiani ulikuwa muda ambao sikukaa humo nikisikiliza televisheni ya jirani kupitia ukuta.

Wakati huo nilikuwa kibarua River Road, katika duka la kuchapisha, nikipanga maandishi ya kadi za harusi na ratiba za mazishi. Niliitwa kukiwa na kazi. Nilijua nani anaoa na nani anazikwa Jumamosi, majina ya wajukuu wote na nani atasoma wasifu, lakini mji mzima haukuwa na mtu aliyejua kama nimekula. Bosi alinipenda kwa sababu sikukosea herufi. Sikukosea kwa sababu niliogopa. Nilisoma ukurasa mmoja mpaka maneno yakapoteza maana, nikabaki natazama alama nyeusi juu ya karatasi nyeupe.

Kicheko cha juu ya duka la vioo hakikuwa cha baa. Cha baa hupanda kwa pamoja na kuporomoka. Hiki kilitoka, kikakatika, mtu akaongeza neno, kikarudi tena, kama cha watu ambao midomo inacheza lakini mikono haisimami. Jioni moja nilimuuliza muuza vioo.

"Hao wa juu wanafanya nini?"

"Hao? Hao hufunga wadudu."

"Wadudu gani?"

"Za samaki, buda. Wazungu huvua nazo. Wewe unataka kazi? Si upande ngazi uulize. Hawaumi."

Sikupanda. Nilifika nyumbani nikatafuta kwenye simu.

Hapa lazima nijieleze, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Siwezi kujifunza kitu mbele ya watu. Tangu shule ya msingi, mwalimu akipita karibu na dawati langu nilifunika daftari kwa mkono, hata kama majibu yote yalikuwa sahihi. Kwa hiyo niliamua kwamba nitajifunza kufunga wadudu hao peke yangu, mpaka niwe najua kabisa, kisha nipande zile ngazi kama mtu anayejua. Nilitaka kukaa na watu, na njia niliyoichagua ya kuwafikia ilikuwa kujifungia ndani zaidi.

Kwenye simu niliona aina nyingi, lakini moja ndiyo iliyonishika: nzi mkavu. Wengine huzama, huyu huelea. Hufungwa kwenye ndoano ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Unaweka mkia wa nyuzi chache za manyoya, kiwiliwili chembamba cha uzi na sufi, halafu unazungusha unyoya wa shingo ya jogoo karibu na kichwa, nywele zake zisimame pande zote kama miale. Nywele hizo ndizo humbeba juu ya maji. Samaki anayeitwa trauti, anayeishi kwenye mito baridi ya milimani, humwona kutoka chini na kudhani ni mdudu aliyetua. Mimi sijawahi kumwona trauti. Sijawahi kuvua samaki wa aina yoyote. Kwetu Makueni mto wenyewe ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Vaisi, kile chuma cha kubana ndoano, niliipata River Road kwa wauza vifaa vya mafundi saa. Ndoano nilizipata mjini, kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Uzi mwembamba nilinunua Ngara, na huko huko Ngara nikamwendea mama anayeuza kuku, nikamwomba manyoya ya jogoo mwekundu. Ya shingo tu. Na awe jogoo mzee, kwa maana manyoya ya jogoo mchanga ni laini.

Aliacha kunyonyoa. "Mwekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Shingo peke yake?"

"Ndiyo."

Akageukia mwenzake wa kibanda cha pili. "Haki huyu kijana anaenda kuroga mtu." Kisha kwangu, kwa sauti ya upole kama ya nesi, "Ni msichana amekuacha?"

Nikamwambia ni ya kuvulia samaki. Akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi. Lakini tangu siku hiyo alinitunzia shingo kwenye karatasi, na kila nilipopita aliniuliza kama dawa imeshika.

Mama yangu hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Mara nyingi alinikuta mezani.

"Unafanya nini saa hii?"

"Natengeneza mdudu, mwaitu."

"Mdudu? Mimi nashinda nikiwapulizia dawa huku kwa kunde, na wewe unawatengeneza?"

"Ni wa samaki."

"Haya." Nikasikia jogoo wa nyumbani akiwika nyuma yake. "Lakini unakula?"

"Nakula."

"Na nani?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Nzi wangu wa kwanza walifanana na vitu vilivyookotwa chini ya kitanda. Sikuwahifadhi. Nilikuwa na wembe, na kila nzi aliyenikera nilimkata uzi wote mpaka ndoano ikabaki uchi, nikaanza upya. Mkia ukizidi urefu wa ndoano kidogo, wembe. Nywele za upande mmoja zikiwa nyingi, wembe. Nilipomaliza mmoja aliyenipendeza, nilijaza beseni maji nikamdondosha kutoka kiasi cha shubiri moja. Wengi waliangukia ubavu. Halafu siku moja mmoja alitua, akayumba, akasimama wima juu ya ncha za nywele zake, na maji chini yake yakaingia ndani kidogo bila kupasuka, kama godoro chini ya mtoto. Niliinua kichwa kumwonyesha mtu.

Hakukuwa na mtu. Nilimtazama nzi yule mpaka shingo ikauma.

Kilichobaki kilikuwa kichwa. Nzi humalizikia kichwani, kwenye fundo la mwisho nyuma ya jicho la ndoano, yaani kile kitundu cha kupitishia mshipi. Fundo hupakwa rangi isiyo na rangi ili lisifunguke. Kwenye video walitumia kichupa ambacho sikukipata mjini, kwa hiyo nilikwenda kwa wauza vipodozi nikaomba rangi ya kucha inayong'aa, isiyo na rangi.

"Yako ama ya dem?" akauliza kijana wa pale.

"Ya kazi."

"Poa. Kila mtu na kazi yake, msee. Hatuhukumu."

Rangi ile ilinifurahisha kupita kiasi. Vichwa vilimetameta kama vichwa vya mchwa baada ya mvua. Mpako mmoja ulitosha, mimi nikaweka mitatu, nikisubiri kila mmoja ukauke, kwa sababu mpako wa tatu ndio uliofuta kila alama ya uzi. Nilichagua dazeni moja waliolingana. Niliwapanga juu ya kipande cha sponji na kuwakagua kutoka kila upande, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona cha kukata. Ndipo nikapanda ngazi za duka la vioo.

Chumba kilikuwa na meza moja ndefu chini ya madirisha, na vaisi zimepangwa pande zote mbili. Wengi walikuwa kina mama na wasichana, na wanaume wachache. Aliyesimamia alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni; wote walimwita Madam. Nilimsalimia, nikasema natafuta kazi ya kufunga nzi wakavu, nikamnyooshea sponji yangu. 

Alimchukua mmoja akamweka nyuma ya kiganja, akamgeuza. Akachukua wa pili akamweka kando yake.

"Nani amekufunza?"

"Simu."

Meza ikacheka, lakini si vibaya. "Wacheni," alisema Madam. "Simu imefunza poa. Hebu ona huu mkia." Mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cha kitenge kichwani alisimama akaja kuona, na mwingine, na mwingine. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wanaotazama kitu nilichokifanya peke yangu, na kwa muda huo mfupi niliamini kwamba njia yangu yote ilikuwa sahihi, kujificha kote, wembe wote.

Madam akavuta kipande cha mshipi kutoka kwenye kigurudumu, ule uzi wa wavuvi unaoonekana kama unywele wa kioo, akaupeleka kwenye jicho la ndoano. Haukupita. Akavaa miwani. Akajaribu tena. Akachukua nzi mwingine, kisha mwingine, na kila mmoja alimrudisha kwenye sponji polepole zaidi.

"Kijana. Hii jicho yake iko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Mipako yangu mitatu ilikuwa imejaa ndani ya vitundu na kukauka. Nzi wote, dazeni nzima. Walikuwa vipofu, na sikuwa nimeona kwa sababu sikuwahi hata siku moja kuwafunga kwenye mshipi. Nilipima mkia, nilipima nywele, niliwaelesha kwenye beseni, na haikunijia kwamba kuna mtu mahali fulani atataka kuwashika kwa kitu.

"Sasa mvuvi atafunga wapi?" akasema yule wa kitenge. "Ama atarushia samaki na mkono?"

"Atamwita tu," akasema mwanamume wa mwisho wa meza. "Samaki, kuja, chakula."

Kikapasuka kicheko. Kilikuwa kile kile. Nilikuwa nimekipita chini barabarani jioni zote zile nikitamani kuwa ndani yake, na sasa nilikuwa ndani yake kabisa.

Nafikiri ningekimbia kama Madam asingenipa sindano. "Hapa kila mtu akipaka rangi anapitisha unyoya kwa jicho kabla ikauke," alisema. "Hata mimi, na nimefunga miaka. Hakuna mtu huambiwa, unaona tu mwenzako akifanya. Wewe ulikuwa umwone nani? Keti hapo, zibua." Akanionyesha kiti kitupu karibu na wa kitenge.

Nikaketi. Rangi ya kucha ikikauka ni ngumu kama mfupa. Nilipozibua kwa nguvu, sindano iliteleza ikavunja nywele. Nilipozibua kwa upole haikuingia. Mwanamke wa kitenge alikuwa ameshaendelea na hadithi yake, ya mwenye nyumba aliyefunga maji kisha akaja kuomba ya kunywa. Mikono yake ilizungusha unyoya bila yeye kuitazama.

"Ukampa?" mtu akauliza.

"Nikampa. Moto."

"Wee!"

"Si aliomba maji? Hakusema baridi." Kisha kwangu, bila kugeuza kichwa, "Kaka, pumua. Hiyo sindano haikimbii."

Niliharibu karibu nusu ya wale nzi. Lakini nilipomaliza, mshipi ulipita kwa waliobaki, na Madam akawapokea akawaweka kwenye kijisanduku chake. Ndipo alipoleta maneno ambayo, kama ningekuwa mtu wa kawaida, yangenifurahisha.

"Mikono unayo. Nitakupa ndoano na manyoya ufungie kwako, uwe unaleta Ijumaa. Hapa mezani ni mbio, na wewe si mtu wa mbio. Hii kazi yako safi safi inataka nyumba imetulia."

Wa kitenge akapiga mluzi. "Umebahatika. Sisi tunalilia ya nyumbani. Hakuna nauli, hakuna mtu wa kukuangalia."

Nilijua jibu lililofaa. Lilikuwa asante. Badala yake nilisikia sauti yangu, nyembamba kuliko nilivyoizoea, ikisema, "Ya nyumbani sitaki."

"Kwa nini?"

"Nataka hapa."

"Hapa kuna kelele."

"Kelele ndiyo nataka, Madam. Kwangu hakuna mtu."

  Nilikuwa nimeyasema yale maneno mbele ya wageni, yakiwa hayajapimwa, hayajasuguliwa, na hayakuwa na namna ya kukatwa na kuanzwa upya.  Madam alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Wiki moja," alisema. "Ukishindwa na kasi unarudi kwako na ndoano zako, na hatutakosana." Akanyoosha kiganja. Sikuelewa, mpaka aliponionyesha kwa kidevu mfuko wa shati langu, ambamo wembe ulichungulia kwenye karatasi yake. "Leta. Hapa hatukati. Tunafunga."

Duka la River Road nililiambia nina shughuli za familia, nikaanza.

Wiki ile sitaisema kama wiki ya furaha. Nilikuwa wa mwisho asubuhi, mchana na jioni. Trei ya wa kitenge ilijaa nzi kama ukuta wenye taa usiku wa mvua, na yangu ilikuwa na wachache waliotengana kama watu wasiofahamiana. Bila wembe nilianza kufumua kwa kucha, kimyakimya, nikidhani hakuna anayeniona.

Wa kitenge akanishika kidole. "Hiyo imeisha. Weka."

"Mkia umepinda."

"Umepinda wapi?"

"Hapa."

Aliinama mpaka pua ikakaribia vaisi. "Kaka. Samaki hana rula."

Wakati wa chakula walikula pamoja, chapati na maharagwe kutoka kwa mama anayepika pale chini, na nilikula nao, maana yake nilikula kwenye chumba hicho hicho. Mazungumzo yao yalikuwa na kasi ya mikono yao. Nilisikia jambo, nikatunga sentensi nzuri kichwani, nikairekebisha, na nilipoinua kichwa kuisema walikuwa wameshahama kutoka kwa mchungaji wa mmoja wao hadi bei ya sukari. Sentensi zangu zote za wiki ile nilirudi nazo Waithaka nzimanzima. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke kiasi kile huku kiwiko chake kikigusana na cha mwenzake. Nyumbani nilikuwa na kisingizio.

Na bado, asubuhi, niliharakisha.

Ijumaa alasiri trei yangu haikufika pale Madam alipotaka. Nilijua kwa kuitazama. Nzi niliyekuwa naye kwenye vaisi alikuwa na mkia uliopinda, na safari hii haikuwa kichaa changu, ulipinda kweli, kushoto, hata muuza vioo angeuona kutoka barabarani. Nikimfumua, nitakuwa nimemrekebisha na kushindwa na wiki. Nikimweka, atatoka mikononi mwangu akiwa vile, apakiwe, avuke bahari, na mtu nisiyemjua amfunge kwenye mshipi wake na kuona kwamba huko Nairobi kuna mtu aliyemwacha hivi.  Wa kitenge alikuwa akihesabu trei yake, au akijifanya anahesabu.

Nikapaka kichwa, mpako mmoja. Nikapitisha unyoya kwenye jicho. Nikamweka kwenye trei na wengine, na kwa sababu sikuweza kuacha kumtazama, niliweka mikono chini ya mapaja na kuikalia.

Madam alipita na mshipi wake akichagua bila mpangilio, huyu, huyu. Alipofika kwangu alichagua wawili. Hakumchagua yule, au alimwona akamruka, sijui. Mshipi ulipita. Alitazama trei yangu, akatazama ya jirani, akavuta hewa kupitia meno.

"Bado uko pole," alisema. "Lakini umeongeza. Jumatatu uje."

Tuliteremka ngazi sote, wakicheka juu ya jambo ambalo sikulisikia mwanzo wake. Barabarani wakagawanyika, hawa kwenda Kangemi, hawa kuvuka kwenda sokoni, na wa kitenge akaniuliza naelekea wapi. Nikasema Waithaka. "Ah, sisi huku," akasema, akaniinulia mkono. Nikaenda peke yangu. Jumamosi na Jumapili nilikaa kwenye chumba changu bila kufunga chochote, nikimfikiria yule nzi wa mkia uliopinda, na nyumba ilikuwa kimya kuliko zamani, kwa sababu sasa nilijua ni kimya cha nini.

Jumatatu nilifika nikakuta msichana mmoja amekalia kile kiti nilichokitumia. Hakuwa na ubaya. Ndicho kiti chake, alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Hakuna aliyeniambia nikae wapi. Nilisimama na mfuko wangu mpaka Madam akanionyesha vaisi iliyokuwa ng'ambo ya meza, upande wa dirishani, nikavuta kigoda nikabana ndoano ya kwanza. Sikuwa nimezungusha uzi hata mara tatu.

"Wewe," wa kitenge akasema kutoka ng'ambo, akikunja uso. "Sogea kidogo. Unaniziba mwanga."

Nilikuwa nimekaa muda mrefu sana Nairobi bila kumzibia mtu yeyote mwanga. Nikasema pole, nikasogeza kigoda.

"Zaidi," akasema. Nikasogea tena.